Mpaka Uliokimbia Tope

Jumatatu, 4 Machi

Mwanangu ndiye atakayepima jimbo! Si kiwanja, si shamba, si uwanja wa mpira. Jimbo la ubunge, zima, na mheshimiwa wake ndani! Tume ya mipaka imemchagua yeye, binti yangu, awe mpima wa upande wetu huu. Amenipigia asubuhi nikiwa nafua, nikaliacha shuka la baba watoto ndani ya beseni mpaka povu likaisha lenyewe.

Haya, sasa ndiyo nikusalimu, daftari. Hujambo?

Daftari hili kanipa yeye mwenyewe alipokuja mara ya mwisho. Akasema, "Mama, yale yote unayotaka kuwaambia watu kuhusu mimi, anza kuliambia daftari. Likichoka, ndipo uwaambie watu." Nimelitii. Nimeliambia. Ila leo ni habari kubwa mno kwa daftari moja, kwa hiyo nimewaambia pia mwenye duka, foleni nzima ya bombani, mwenye bucha, na Fundi Baiskeli ambaye alikuwa chini ya baiskeli na hakuwa na pa kukimbilia.

Wa mwisho nimemwambia Bi Cherehani, jirani yangu wa chini ya njia. Alikuwa na pini mdomoni. Akazitoa moja moja, akazichomeka kwenye kitambaa, ndipo akasema, "Hongera, Mama Mpima. Na huo mpaka ataupitisha wapi?"

Nikamwambia mpaka ataupitisha anapotaka, amesomea.

Akarudisha pini mdomoni.


Jumanne, 5 Machi

Mvua. Sasa hata watoto wa shule wananiita Mama Mpima. Siwakatazi.


Alhamisi, 7 Machi

Mvua haikati, hivyo nimekaa ndani na mama mkwe nikamuuliza habari za jimbo, maana watu wananiuliza na mimi ni mama wa mpima, siwezi kujibu "sijui".

Mama mkwe anaishi chumba cha mbele tangu alipofiwa. Anasema amepiga kura katika majimbo mawili bila kuhamisha kitanda. Hapo mwanzo kabisa, huku kote lilikuwa jimbo moja, kubwa hata mbunge wa kwanza alilizunguka kwa baiskeli kiangazi chote na bado hakulimaliza. Mahali mnyororo ulipokatika, wakasema basi, jimbo linaishia hapo. "Mpaka wa upande ule ndio huo mpaka leo," akasema. "Laiti angekuwa na mnyororo mzuri, hata wale wa bonde la pili wangekuwa wetu."

Baadaye watu wakazaana, jimbo likakatwa mawili: letu hili la juu, na lile la ng'ambo ya kijito. Akatumwa karani kutoka mjini kuja kuonyesha mpaka upite wapi. Alitakiwa aupitishe kijitoni, kila mtu alijua hivyo. Lakini alikuja masika, kama sasa, na alikuwa amevaa viatu vipya vyeusi. Alishuka mpaka kwenye njia ya ng'ombe, ile iliyoinuka katikati ya kijiji, akatazama tope lililo mbele yake, akatazama viatu. Akasema, "Mpaka ni hapa."

Ndiyo maana sisi tulio juu ya njia ya ng'ombe ni wa jimbo la juu, na wenzetu walio chini ya njia, Bi Cherehani na nyumba zote za kuelekea kijitoni, ni wa jimbo la ng'ambo, ingawa hawako ng'ambo, wako hapa, tunasikiana tukikohoa. Wakitaka kupiga kura au muhuri wa ofisi ya mbunge, wavuke kijito. Na kijito masika hakivukiki.

"Viatu tu, mama?" nikamuuliza.

"Vilikuwa viatu vizuri," akasema.


Jumamosi, 9 Machi

Nimepokea wageni kama daktari. Mwenye bucha anaomba mpaka upite kati yake na shemeji yake, ili wasikutane hata siku ya kura. Mwenye duka anataka aachwe katikati, wagombea wa pande zote mbili wanunue soda kwake. Mama mmoja wa juu kaninong'oneza kwamba wa chini wasiingizwe kwetu, kwa sababu fedha za jimbo ni kidogo na wao wana watoto wengi.

Nimewajibu wote, "Nitamwambia."

Jioni nimempigia mwanangu nikamwambia. Akasema, "Mama. Umemwahidi mtu yeyote kitu chochote?"

"Mimi? Nimesema tu nitakwambia, na nimekwambia."

"Mama, hii ni kazi ya tume. Watu wakidhani mpaka unapitia sebuleni kwako, kazi sina."

Kwa kweli nilijiona mdogo. Lakini hebu fikiri: mpaka unapitia sebuleni kwangu! Maneno hayo mazuri kweli.


Jumanne, 12 Machi

Wamekuja! Gari la tume lilikwama kabla ya kufika, hivyo mwanangu ameingia kijijini kwa miguu, buti mpaka magotini, kabeba mashine yake ya miguu mitatu begani. Nilimpokea kwa vigelegele. Akasema, "Mama, mashine." Nikampunguzia vigelegele, mashine sikuigusa.

Mkubwa wao ni bwana mmoja mwenye kofia nzuri ya kitambaa, na kofia kaivika mfuko wa plastiki. Mvua ikikatika anatoa mfuko, mvua ikianza anavalisha. Mchana kutwa ndiyo kazi niliyomwona akiifanya. Sisi tunamwita Bwana Kofia.

Mwanangu ndiye aliyefanya kazi. Akachungulia, akapiga mkono huku, akapiga mkono kule, na vijana wakawa wanapigilia vigingi. Nikamshikia mwavuli. Mara ananiambia, "Mama, uko mbele ya lenzi." Nikasogea. "Mama, bado." Watu wote waliniona nikiwa mbele ya lenzi.

Vigingi wamevipigilia kando ya kijito. Siyo kwenye njia ya ng'ombe. Kijitoni! Mwanangu aliwaeleza watu waziwazi: hilo ni pendekezo tu, vigingi ni vya muda ili kila mtu aone mstari kwa macho yake. Kisha kutakuwa na kikao cha maoni shuleni. Wenye kupinga wapinge, wenye kukubali wakubali, halafu yaende juu. Likipita, wa chini ya njia watakuwa jimbo moja na sisi.

Bi Cherehani alitoka na futi yake ya kushonea shingoni. Alikwenda mpaka kwenye kigingi kilicho nyuma ya nyumba yake, akakishika kichwa kama unavyomshika mtoto, akarudi akipima kwa futi kutoka kigingini hadi mlangoni kwake, akiinama na kuinuka, akiinama na kuinuka, kwenye mvua.

"Unapima nini, jirani? Si wamepima?" nikamwambia.

"Nataka kujua niko ndani kiasi gani," akasema, akajifuta uso. Nilidhani ni mvua.


Ijumaa, 15 Machi

Wameondoka. Mwanangu ameacha soksi zake. Nimezifua.


Jumapili, 17 Machi

Mvua, mvua, mvua. Kijito kinaunguruma mpaka huku juu.


Jumatano, 20 Machi

Leo nimefanya kazi ya maana na mwili wote unauma kwa raha.

Nilishuka kijitoni kuona kazi ya mwanangu. Daftari, nilitaka kulia! Vigingi vile vizuri vimekuwa vyeusi kwa tope. Kimoja kimelala chali. Kingine kimeegemea kama mlevi. Kingine kuku wa mtu kakigeuza kitanda. Nikajiambia, kesho kutwa anapita mgeni, anauliza hii kazi ya nani, anaambiwa ni ya binti wa fulani. Binti wa fulani! Mimi ambaye sijawahi kutundika shati lenye doa!

Basi nimevitoa. Vyote, mpaka kile cha mwisho karibu na shamba la migomba. Nikavipakia kwenye mkokoteni wa baba watoto, nikavipandisha nyumbani. Nimevisugua kwa maji ya moto na sabuni, nimevianika jikoni kando ya moto, kisha nikavipaka ile rangi nyeupe iliyobaki tulipopaka fremu za madirisha. Mara mbili. Vichwani nikaviwekea rangi nyekundu ya mlango wetu, kama kofia. Vimependeza hata baba watoto, ambaye husema neno moja kwa siku, alisema mawili: "Vimeoga kweli."

Kisha akaongeza, "Utavirudisha palepale?"

"Palepale wapi? Kwenye tope? Ili iweje, nivioshe tena kesho?" Mstari wenyewe umo kwenye mashine ya mwanangu, amenionyesha mwenyewe, unawaka kijani. Kigingi ni kigingi. Cha msingi kisimame na kionekane. Nimevipigilia kwenye njia ya ng'ombe, pale palipoinuka, pakavu, vimenyooka kama watoto wa paredi.

Mikono inanuka rangi. Nimelala kidogo mchana kama bibi harusi.


Alhamisi, 21 Machi

Vinang'aa hata nikivitazama nikiwa mlangoni.


Jumamosi, 23 Machi

Leo sijui nianzie wapi.

Nilikuwa nafagia. Nikaona watu wa chini wamesimama kwenye njia ya ng'ombe, kundi zima, wanatazama vigingi. Nikajua wamekuja kuvisifu. Nikaweka ufagio, nikajifunga khanga vizuri, nikatoka nikiwa na tabasamu tayari.

Bi Cherehani ndiye aliyegeuka. Futi shingoni, mkasi bado mkononi.

"Kwa hiyo ndivyo," akasema.

"Ndivyo nini, jirani?"

"Mmetuonyesha kijito tukashangilia, wageni wameondoka, mpaka umerudi palepale pa zamani. Na safari hii mmeupaka rangi kabisa, tusije tukausahau."

"Nani ameurudisha?"

"Tume! Nani mwingine? Tazama kazi ilivyo safi. Hii si kazi ya mtu wa hapa."

Na mimi, daftari, Mungu anisamehe, kwa nukta moja nilifurahi. Kazi safi! Si ya mtu wa hapa! Kisha maneno mengine yakanifikia.

"Binti yako kaona fedha za jimbo zisitoke mlangoni kwa mama yake," akasema mtu nyuma. "Si mlikuwa mnapokea maombi hapo barazani? Wa juu walikuja kuomba tusiingizwe. Mlidhani hatujui?"

"Mwanangu hana habari!" nikasema.

"Mpima hana habari na mpaka?" Bi Cherehani akacheka, cheko la pini mdomoni. "Haya, Mama Mpima. Tutaonana kwenye kikao. Tumeshampigia Bwana Kofia."

Nimeingia ndani nikamkuta mama mkwe amekaa kitandani, mlango wazi, kasikia yote.

"Kwa nini uliviweka njiani?" akaniuliza taratibu.

"Kijitoni kulikuwa na tope, mama."

Akanitazama miguuni. "Na wewe," akasema, "hata viatu hukuwa umevaa."


Jumapili, 24 Machi

Nimeamka na shauri: navirudisha kijitoni kimyakimya, asubuhi hii, watu wakiwa kwenye ibada. Nimechukua jembe, nyundo na mkokoteni.

Kumbe mwenyekiti wa kijiji ameweka mlinzi. Fundi Baiskeli amekaa kwenye kigoda katikati ya njia, mwavuli juu, anaziba pancha huku analinda.

"Mama Mpima, za asubuhi. Wapi na nyundo?"

"Kuchuma mboga."

"Mboga gani hizo za kupigwa nyundo?"

"Ngumu," nikamwambia, nikarudi.

Na hata ningepita, kijito kimekuja juu. Pale vilipokuwa vigingi ni maji matupu.


Alhamisi, 28 Machi

Nilishuka kwa Bi Cherehani nikiwa nimeamua kusema. Hakuwepo. Alikuwepo binti yake, yule aliyekaa dawati moja na mwanangu miaka yote. Alikuwa anakata vitambaa vya sare. Hana karatasi ya mfano wala haandiki. Anatazama mtoto mara moja, anakata. Akaniambia, "Karibu mama, kaa," kama vile hakuna lililotokea, akanisogezea kiti, akapangusa kwanza.

Nitaandika jambo ambalo sijawahi kuliandika. Miaka yote hii nimekuwa nikisema wasichana wale wawili walifaulu pamoja, wangu akaendelea kwa sababu ana akili na moyo, wake akaishia cherehani kwa sababu alikata tamaa. Nimelisema bombani, nimelisema dukani, nimelisema hata mbele ya mama yake.

Leo nikamuuliza, "Hivi mwanangu, ile fomu ya fedha za masomo ya ofisi ya mbunge, wewe uliipeleka?"

"Niliipeleka, mama. Nilifika kijitoni. Maji yalikuwa hapa." Akaonyesha kifuani. "Nikasubiri yapungue. Yalipopungua, ofisi ya ng'ambo walikuwa wameshafunga kupokea."

Na ya mwanangu niliipeleka mimi mwenyewe, ofisi ya juu, kwa njia ya ng'ombe. Nakumbuka nilivaa viatu vyangu vya harusi. Havikupata hata vumbi.

Na alikuwa akimshinda mwanangu hesabu. Kila muhula. Hilo pia sijawahi kuliandika.

Nimeondoka bila kusema nililoendea. Yeye akadhani nimekuja kupima gauni, akaniambia nirudi mama akiwepo.


Jumatatu, 1 Aprili

Mwanangu amepiga simu. Bwana Kofia amemsimamisha kazi mpaka kikao. Anamuuliza nani alimtuma kuhamisha vigingi. Anamwambia kwamba kama hawezi kueleza, basi jimbo hili na kazi hii aviage pamoja.

"Na wewe umemwambia nini?"

"Nimemwambia sikuhamisha. Mama, unajua lolote?"

Nilifungua mdomo. Nikaona akilini mwangu: mpima wa tume, mama yake anaosha mipaka. Watamcheka mpaka astaafu. Nikasema, "Mtandao unakatika, mwanangu," na ulikuwa safi kabisa, nasikia hata jogoo wa jirani yake.

Nimefua mapazia yote. Hayakuwa machafu.


Alhamisi, 4 Aprili

Mvua kidogo. Mwenye duka ananiuzia bila kunitazama. Mama mkwe hali mpaka nile, nami sili.


Jumatatu, 8 Aprili

Kikao kimefanyika. Nitaandika yote hata mkono ukifa ganzi.

Chumba cha darasa, watu wazima wamebanwa kwenye madawati ya watoto, magoti kidevuni. Wa juu wamekaa upande wa madirisha, wa chini upande wa ukuta, katikati wameacha njia tupu. Hata darasani tulikuwa na mpaka. Bwana Kofia kakaa meza ya mwalimu, kofia imevuliwa mfuko. Mwanangu hakukaa mezani. Kawekwa kwenye kiti pembeni, peke yake, mikono mapajani, kama mtoto aliyetolewa nje.

Mezani kulikuwa na kigingi kimoja. Cheupe, kichwa chekundu.

Bi Cherehani alisimama wa kwanza. Hakupiga kelele, na afadhali angepiga. "Sisi hatuombi jimbo jipya wala mbunge mpya. Tunaomba kijito kiwe mpaka, maana kijito ndicho mpaka, hata ng'ombe anajua. Mwaka wa uchaguzi uliopita sikupiga kura, maji. Ule wa kabla yake, maji. Binti yangu anayo hadithi yake, sitaisema mimi. Siku vilipopigwa vigingi kijitoni nilipima mwenyewe nikajua niko ndani. Wiki moja tu nimekaa ndani. Nataka nijue nani kanitoa."

Mama mkwe naye akainuliwa, akaeleza habari za karani na viatu. Watu wakacheka kidogo. Mimi sikucheka.

Bwana Kofia akainua kigingi. "Nataka ieleweke," akasema, "tume haikuhamisha vigingi. Na tume haipaki rangi. Aliyefanya hivi ni mtu wa hovyo. Kitazameni. Rangi yenyewe imepakwa hovyohovyo, haraka haraka, kama mtu aliyepaka kwa mguu."

Sauti ikatoka upande wa ukuta: "Basi ni huyo binti! Kapaka haraka asionekane!"

Bwana Kofia akamgeukia mwanangu, akamnyooshea kile kigingi. "Mara ya mwisho nakuuliza. Unaijua kazi hii?"

Mwanangu akakipokea. Akakitazama kichwa, ile rangi nyekundu. Ni yeye aliyeichagua rangi ile, mwaka ule alipopata mshahara wa kwanza akatununulia rangi ya mlango. Akainua macho akanitazama. Kufumba na kufumbua, akayashusha.

"Siijui," akasema.

Alijua, daftari. Alijua, na alikuwa tayari kuiacha kazi aliyoisomea kuliko kunitaja mimi mbele ya watu.

Ningependa kuandika kwamba nilisimama kwa sababu hiyo. Nadhani ningesimama kwa sababu hiyo, nilikuwa naanza kujikusanya. Lakini Bwana Kofia akakirudisha kigingi mezani, akafuta vidole kwa kitambaa kama vile kigingi kina uchafu, akarudia, "Hovyo kabisa."

Nikasikia sauti: "Hovyo mguu wako! Nimepaka mara mbili!"

Ilikuwa sauti yangu.

Nilikuwa nimesimama. Dawati limesimama nami, limenibana mapajani. "Maji ya moto nimechemsha! Nimesugua kwa brashi! Nimekausha kando ya moto, kimoja kimoja, ndipo nikapaka, ikakauka, nikapaka tena! Onyesha hapo palipo hovyo! Onyesha kidole!"

Kisha kikasikika kitu kama cherehani inayoanza kwenda. Alikuwa Bi Cherehani. Anacheka. Anacheka mpaka anashika ukuta. "Mlango!" anasema. "Jamani, mlango wake! Kila siku tunautazama mlango mwekundu, fremu nyeupe! Tunasema ni tume! Tunasema si kazi ya mtu wa hapa!"

Darasa likaanguka. Mwenye bucha alimpiga shemeji yake mgongoni kwa kicheko, kisha akakumbuka hawasemezani.

Lakini mzee mmoja wa chini hakucheka. Akangoja wanyamaze. "Sawa, umeviosha. Mbona ukaviweka njia ya ng'ombe?"

"Kwa sababu pakavu," nikasema.

"Kama karani," akasema mama mkwe.

"Kama karani," nikakubali. Nikasema: "Yeye alikimbia tope, na mimi nimekimbia tope. Wote wawili tulikuwa upande wa juu, tope si letu. Mwanangu hakujua lolote, nimemficha hata kwenye simu. Alipitisha mpaka kijitoni, mliona. Na jambo lingine, nikishakaa sitalisema tena: mimi hujisifu kwamba binti yangu alisoma kwa akili. Ana akili, sitaki mtu abishe. Lakini fomu yake ilipita pakavu. Ya binti wa Bi Cherehani ilikuta maji, na yule alikuwa akimshinda hesabu."

"Kila muhula," akasema mwanangu kule pembeni.

Binti wa Bi Cherehani akainamisha kichwa, anacheza na ukingo wa dawati. Mama yake aliacha kucheka.

Bwana Kofia akakohoa. "Mama, unajua kung'oa alama za serikali ni kosa?"

"Nimesikia."

"Unaweza kushtakiwa."

"Nimesikia. Lakini hilo neno hovyo uliondoe."

Akakitazama kigingi tena. Akakigeuza. Akapitisha kidole. "Hapa kwenye shingo," akasema, "kwa kweli imepakwa vizuri." Nikakaa, na dawati likakaa.


Jumanne, 9 Aprili

Jana kikao kiliukubali mpaka wa kijitoni, sasa unaenda juu, na maji yakishuka vigingi vitapigiliwa huko upya. Mwanangu amerudishiwa kazi, na onyo. Nimelia. Yeye akacheka: "Mama, katika tume nzima mimi ndiye wa kwanza kupewa onyo kwa sababu ya usafi." Kazi ya hapa ikiisha watampeleka upande mwingine, mbali, mahali mama yake hafiki na beseni. Hilo halikumchekesha, wala mimi.


Ijumaa, 12 Aprili

Bi Cherehani amekuja. Hakubisha hodi, amesimama tu mlangoni anautazama mlango.

"Nyekundu nzuri," akasema.

"Imebaki kidogo. Unataka?"

"Nipake nini, mpaka?"

Tumecheka. Kisha kanyanyua futi akanizungushia kiunoni bila kuuliza. "Simama wima. Siku ya kupigilia vigingi utavaa gauni langu, watu waone nani anashona hapa. Umenenepa, Mama Mpima."

"Ni sifa hizo."

"Basi jitahidi usisifiwe tena, kitambaa hakitatosha."

Alipokuwa anaondoka nikamuuliza kama binti bado anataka kusoma. Akasema binti ameshauliza mwenyewe ofisi ya juu inafunguliwa saa ngapi. Mpaka ukipita huko wanakoupeleka, kuna chuo kinapokea hata waliochelewa. "Atapeleka fomu yake kwa miguu yake," akasema, "na viatu ninamnunulia mimi."


Jumanne, 16 Aprili

Maji ya kijito yameshuka, kingo zimeonekana. Tope lipo bado, tena zito, la kunasa mguu.

Bwana Kofia ametuma salamu kupitia mwenyekiti. Vigingi vitarudi kijitoni mbele ya macho ya wote, wa juu na wa chini, na ng'ambo nao wameitwa washuhudie kutoka upande wao. Mwanangu atasoma kwenye mashine, binti wa Bi Cherehani atamshikia ule mti wenye namba, wamekubaliana wenyewe kwa simu, sikuombwa ushauri. Kila nyumba itabeba kigingi chake. Mimi nimeruhusiwa kubeba kimoja, kwa sharti kwamba nikikabidhi nisikiguse tena, na nisije na ndoo.

Mama mkwe anataka abebwe kwa mkokoteni mpaka ukingoni kabisa. Anasema anataka kuona mpaka ukipita kwenye tope kabla hajafa. Baba watoto amesema maneno matatu: "Tutavua viatu wote."

Gauni limekwisha. Litachafuka, najua. Nitalifua Jumapili.

Basi waje wote, wa juu, wa chini na wa ng'ambo, na wanaochukiana waje vilevile. Asubuhi, umande ukikauka. Jumamosi, tarehe ishirini.